Teke la Mtu Asiyekuwepo

Siku nilipochanika msuli wa shavu la mguu, jambo la kwanza nililolifanya halikuwa kulia bali kufungua mashtaka. Lilikuwa pambano la maveterani, dakika za mwishomwisho, nami nilikuwa beki wa kulia mwenye umri wa miaka 46 na pumzi za mtu wa miaka 60. Niliuona mpira mrefu ukielekea kwenye kona yangu, nikakanyaga ardhi kwa nguvu ili nichomoke, na papo hapo nikasikia "pa!" nyuma ya mguu, kana kwamba mtu alikuwa amenitandika teke la kiatu cha njumu katikati ya kigimbi. Nilianguka kifudifudi. Nilipoinua kichwa na kugeuka, karibu yangu alionekana mtu mmoja tu, winga wao wa kushoto, na kwangu ushahidi huo ulitosha.

"Ni huyo!" nilimwambia mwamuzi, nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo. "Amenipiga kwa nyuma, na mpira haupo!"

Winga alikuwa umbali wa hatua kama kumi, amepiga goti moja, na alijitetea kwamba alikuwa akifunga kamba za kiatu. Utetezi huo, ambao sasa najua ulikuwa kweli tupu, ulimuudhi mwamuzi kuliko kosa lenyewe, kwa kuwa aliuona kuwa ni dhihaka. Na winga alipokivua kiatu na kukiinua juu kama kielelezo cha mahakamani, alionyeshwa kadi nyekundu na kutoka uwanjani akichechemea kwa soksi moja. Kwa hiyo tulitoka tukichechemea wawili, ila mimi nilipigiwa makofi.

Ni mtu mwema mno, na wema wake ndio uliomponza. Jioni ile ile alikuja kunijulia hali, na kufikia siku ya tatu alikuwa amekwisha kujitilia shaka. "Kaka, huenda nilikugusa bila kujua," aliniambia akiwa ameinamisha kichwa. Nilimsamehe kwa sauti ya upole uliotukuka, kisha, ili msamaha huo usipotee bure, nikamruhusu anipeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia, anibebee mkoba na kunishika mkono kwenye ngazi.

Katika siku hizo tatu wachezaji wenzangu hawakuniacha bila tiba. Walinikanda kwa maji ya moto, wakanichua kwa dawa iwashayo, na mmoja wao, ambaye ana viganja kama makasia, alitangaza kwamba atalitoa "fundo" kwa vidole gumba viwili. Fundo lilikataa kutoka. Mguu ulizidi kuvimba, na weusi wa damu iliyovilia ukaanza kuteremka kutoka kigimbini hadi kwenye kifundo, jambo lililonifanya niamini kwamba teke lile lilikuwa na sumu.

Kwa ajili ya miadi nilijiandaa kwa heshima zote. Mguu wa kulia niliuosha kwa sabuni, nikaupaka mafuta, nikaukata kucha na kuuvika soksi mpya. Wa kushoto haukuwa na kesi yoyote, hivyo niliuacha kama ulivyokuwa.

Mtaalamu, mwanamke kijana mwenye mikono mikavu na macho yasiyo na haraka, alinisikiliza, akaandika, kisha akasema, "Vizuri, mzee. Vua viatu vyote viwili, tuanze na mguu mzima."

Nilimweleza kwa adabu kwamba mguu mzima ulikuwa mzima. Akanieleza, kwa adabu zaidi, kwamba kila mtu ana unyumbufu na nguvu zake, na kwamba kipimo bora cha mguu ulioumia ni mwenzake wa upande wa pili. Hapakuwa na pa kukimbilia. Kiatu cha kushoto kilipotoka, soksi ilionekana na tundu lake la ukubwa wa sarafu, na humo kidole gumba, chenye ukucha uliokwisha kusahau mkasi, kilikuwa kikichungulia kama jirani aliyesikia ugomvi. Alikishika kisigino hicho bila kukunja uso, akaukunja wayo juu na chini, akauzungusha, akaandika namba. Mguu nilioupamba aliugusa baadaye, na hakusema lolote kuhusu mafuta.

Likaja suala la maumivu, kutoka 0 hadi 10. Nilijibu kwamba ni 12.

"Kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria," alisema. "Wewe umezungumza tangu mlangoni bila kumeza mate."

Tuliteremka taratibu, kama mnada unaokwenda kinyumenyume, tukapita tisa, tukapumzika kwenye saba, na hatimaye nikakiri kwamba nikikaa ni mbili na nikijaribu kuinuka kwa vidole ni sita. Winga, aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni na mkoba wangu mapajani, alishusha pumzi kama mtu aliyepunguziwa kifungo.

Kisha niliamriwa nilale kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya ncha ya kitanda. Kitanda hicho kina tundu la kuwekea uso, na anayelala juu yake haoni kitu isipokuwa sakafu na viatu vya watu. Kushoto niliviona viatu vyeupe vya mtaalamu. Kulia, vile vya winga, ambavyo kamba zake, niligundua wakati huo, zilikuwa zimefungwa kwa mafundo mawili mawili.

Mtaalamu aliukamua msuli wa kigimbi kwa kiganja, akaangalia kama wayo utajisogeza wenyewe. Kipimo hicho daktari Simmonds alikieleza mwaka 1957: kano ya kisigino ikiwa imekatika kabisa, msuli hukamuliwa na wayo hukaa kimya. Wangu ulisogea. "Kano iko salama," alisema, nami nikajisikia kama mtoto aliyefaulu mtihani ambao hakuusomea. Baada ya hapo alipapasa sentimita kwa sentimita, na alipofika upande wa ndani, pale msuli unapokutana na kano, nilitoa sauti ambayo sitaielezea hapa.

"Ndipo penyewe," alisema. "Hebu niambie, mzee, ulipoumia, ulihisi kama umepigwa teke kutoka nyuma?"

"Ndiyo!" nilijibu kupitia tundu, kwa furaha ya mlalamikaji aliyepata shahidi. "Na aliyenipiga ni huyo aliyekaa hapo!"

Alicheka. Si kicheko kikubwa, lakini kilitosha. Alieleza kwamba msuli huo hupita juu ya goti na kifundo kwa pamoja. Mtu akinyoosha goti, wayo ukiwa umekunjwa kuelekea juu, kisha akaisukuma ardhi ghafla, nyuzi zake hunyooshwa huku zikijikaza, na zinaweza kuchanika. Mchaniko huo mwili huutafsiri kuwa ni pigo, na wagonjwa wengi hugeuka kumtafuta aliyewapiga. "Huitwa mguu wa tenisi," aliongeza. "Umeandikwa katika majarida ya tiba tangu 1883, na huwapata zaidi watu wa makamo."

Sijawahi kushika raketi maishani mwangu. Hata hivyo, neno "makamo" ndilo lililoniingia zaidi, ingawa halikupata muda wa kutulia, kwa sababu niliviona vile viatu vyenye mafundo mawili vikiinuka na kuja, hatua kwa hatua, hadi chini ya tundu langu. Magoti yakakunjwa. Uso wa winga ukatokea sakafuni, umeangalia juu, pua yake ikiwa karibu kugusana na yangu.

"Kaka," alisema polepole, "hebu rudia nilivyokupiga."

Hakuna namna ya kuinamisha kichwa kwa aibu ukiwa tayari umelala kifudifudi.

Aliomba barua ya kumpelekea mwamuzi. Mtaalamu aliandika kwamba jeraha ni la daraja la pili, yaani msuli umechanika sehemu tu, na kwamba maelezo ya mgonjwa hayahitaji mtu wa pili kuhusika. Winga akataka na mimi nitie saini, nami nilitia, karatasi na kalamu vikiwa vimepitishwa kwangu chini ya kitanda. Mtaalamu alinifunga bendeji ya kubana, akakataza maji ya moto na vidole gumba vya watu, kwa kuwa kuchuliwa na kupashwa joto mapema huongeza kuvuja kwa damu, ambayo ndiyo iliyokuwa imeteremka kifundoni kwa uzito wake yenyewe, wala si sumu. Alinipa mazoezi mepesi na kunikadiria wiki 4 hadi 8 kabla ya kurudi uwanjani.

Tulipoagana naye, winga alitangulia kwenda kwenye gari, barua yake ameishika kwa mikono miwili. Mkoba wangu ulibaki kwenye kiti. Kutoka pale hadi chini kuna ngazi 14, ambazo wakati wa kuja sikuwa na sababu ya kuzihesabu.