Maua Mnapanda, Majani Mnafyeka

Watanzania wana neno moja lenye maana mbili ambalo hunichekesha kila nikipita karibu na mjengo. Nondo kwao ni ile fimbo ya chuma inayolazwa ndani ya zege. Nondo pia ni yule mdudu wa usiku, ndugu yake kipepeo, anayejigonga kwenye balbu ya veranda. Hapa kwetu Mamboleo, viungani mwa Kisumu, nondo wa chuma wanaingia kwa malori. Wale wa mabawa wanazidi kuadimika.

Nilipohamia hapa, ploti yangu ilizungushiwa ojuok, ule ua wa vijiti vya kijani vyenye maziwa ambao karibu kila boma la huku lilikuwa nao. Chini ya ojuok paliota kila kitu ambacho hakuna aliyekipanda: nyabend winy, maua ya manjano yale machungu, nyasi za kufika kiunoni, na mimea ya kutambaa ambayo hata jina lake silijui. Leo nikisimama getini naona kuta za mawe pande zote, kabro mbele ya kila lango, na nyasi zilizokatwa zikabaki urefu wa ukucha. Pamependeza, siwezi kukataa. Kila jirani ana maua kwenye vyungu. Na ni majirani haohao wanaoniuliza, "Mwalimu, vipepeo walienda wapi? Si zamani walikuwa wengi?"

Nawajibu kwamba maua wanapanda, lakini majani wanafyeka.

Kipepeo mzima hana makuu. Anakunywa maji matamu ya ua, na maua ya aina nyingi humfaa, ya dukani au ya porini. Mwenye kuchagua ni mtoto. Kiwavi hula majani, na si majani yoyote. Aina nyingi zimefungwa kwenye mmea mmoja au jamii moja ya mimea, na mama huutafuta mmea huo kabla ya kutaga. Chukua yule wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, anayeruka polepole kana kwamba barabara ni yake. Viwavi wake hukulia kwenye magugu yenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini hata akishaota mabawa, ndiyo maana ndege humwacha apite. Sasa ng'oa gugu hilo kwa sababu linachafua fensi. Unaweza kumwekea waridi mia na bado hatakuwa na pa kutaga.

Nina mlimau kando ya tangi la maji, na hapo ndipo nimesomea mengi. Huja kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano hafifu, anatetemesha mabawa bila kutua vizuri, anabandika yai moja kwenye jani changa, anahamia jingine. Kiwavi akitoka utadhani ni kinyesi cha ndege: mweusi, na bako jeupe mgongoni. Kuku wangu wanapita chini yake bila habari. Akikua anabadilika kuwa kijani na kunenepa kama kidole cha mtoto. Ukimgusa, nyuma ya kichwa chake zinachomoza pembe mbili laini, mbichi, za rangi ya chungwa, pamoja na harufu kali ambayo itakaa mkononi hadi jioni. Wajukuu wangu wanaupenda mchezo huu kuliko katuni.

Mwaka jana jirani mmoja aliona majani yaliyotafunwa akanionea huruma. Akaniletea bomba la dawa, limeshajazwa. Nilimwonyesha mti wenyewe ukiwa umebeba malimau ya kugawa mtaa mzima. Akaondoka na bomba lake, lakini kwa uso wa mtu aliyemwacha mgonjwa akatae hospitali.

Huyo wa mlimau, hata hivyo, simwonei wasiwasi sana. Tunapanda chakula chake wenyewe, mjini na kijijini, naye ana mabawa ya kuvuka kutoka kiwanja hadi kiwanja. Ndivyo mji unavyochagua. Watafiti waliopima wadudu wa miji ya Ubelgiji na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018 walikuta kwamba vipepeo na nondo wanaobaki mjini kwa wastani ni wa aina kubwa kubwa, kwa sababu vipande vya kijani viko mbalimbali na mdogo asiyeweza safari hafiki. Kwa hiyo ukiona vipepeo wawili watatu wakubwa wakizunguka bustani ya hoteli usishangilie mapema. Waliobaki ni wale walioweza tu.

Panda matatu uende msitu wa Kakamega, kama kilomita hamsini hivi, uone tofauti. Ni kipande cha mwisho upande wa mashariki cha msitu ule uliowahi kuunganika na wa Kongo, na ndani yake zimeandikwa zaidi ya aina 400 za vipepeo. Wengi ni wa kivulini, na uwazi wa shamba la miwa kwao ni kama ziwa kwa mtu asiyejua kuogelea. Nje ya msitu ni Kakamega na Vihiga tunazozijua. Vihiga ilihesabiwa mwaka 2019 kuwa na zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba, kaunti ya mashambani hiyo. Baba mwenye ekari mbili na wana wanne hana nafasi ya kichaka, simlaumu. Ninachokilalamikia ni mkaratusi. Kila kona iliyobaki inapandwa mkaratusi, mti wa Australia ambao viwavi wachache sana wa huku wanaweza kuula. Ukitazama kwa mbali utasema pana msitu.

Halafu kuna taa. Karibu na njia panda yetu ilisimikwa mulika mwizi, na tuliishangilia, mimi pia, maana wezi walikuwa wametuzoea. Asubuhi chini ya mlingoti wake unakuta mabawa yametapakaa kama maganda ya njugu. Mwaka 2024 watafiti walieleza kwa nini nondo huzungukazunguka taa: usiku mdudu anayeruka huugeuzia mgongo upande wenye mwanga, kwa sababu tangu kale mwanga umekuwa ukitoka angani. Taa ikiwa kando yake, anapinda bila kukoma na hawezi kutoka. Na si kufa tu. Uingereza, utafiti wa mwaka 2021 ulikuta kwamba kwenye ua wa vichaka unaomulikwa na taa za barabarani viwavi walikuwa pungufu kwa asilimia 47 kuliko kwenye ua wa karibu ulio gizani, na taa nyeupe za LED zilikuwa mbaya kuliko zile za zamani za manjano. Zetu ni nyeupe.

Mtu atasema, wafe tu, si ndio wazazi wa kiwavijeshi? Hapo ana hoja. Yule kiwavijeshi vamizi aliyeingia Kenya mwaka 2017 ni mtoto wa nondo, na bungua wa mahindi vilevile, na mimi siwatetei. Ila dawa haichagui. Nami nina sababu ya tumbo: mapapai.

Mpapai wa kienyeji una dume na jike, na chavua lazima ivushwe. Maua yake hunukia jioni, na anayekuja ni nondo mwenye mwili mnene na ulimi mrefu, anayesimama hewani kama ndege chozi, unamsikia kabla hujamwona. Watafiti walifuatilia jambo hili Bonde la Kerio na kuandika mwaka 2009 kwamba umbali wa shamba kutoka porini, na hali ya pori hilo, huathiri ziara za nondo kwenye mapapai. Mipapai yangu ya kike miwili iko upande wa ukuta unaomulikwa na taa ya jirani. Misimu miwili sasa maua yanaanguka. Siwezi kuapa kwamba ni taa. Ule wa nyuma ya choo, kwenye giza, umebeba.

Kijana anayenisaidia shambani tumeshaelewana. Kwanza alikataa: "Mwalimu, ukiacha hapa nyuma hivi nyoka watahamia." Tukakubaliana afyeke karibu na nyumba na njia ya kwenda tangini, na hatua nne za mwisho kabla ya ukuta aziache. Sasa anapaita "kwa vipepeo", na juzi nilimsikia akimfukuza mbuzi wa watu asiingie huko.

Jirani ndiye bado. Jumapili nilimwendea, tukanywa chai, nikamwomba taa yake aielekeze chini, au aweke ile inayowaka mtu akipita. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote, kisha akauliza, "Kwani Mwalimu, wezi hawapendi mapapai?"

Nimemwahidi matatu ya kwanza yatakayoiva kwenye ile miwili. Taa hajaigusa, lakini jana aliniuliza bei ya hizo za kuwaka mtu akipita.