Miligramu 1 kwa lita, salama kwa nani?

Tarehe 9 Januari 2014 tangi la kampuni ya Freedom Industries lilivuja kule West Virginia, Marekani, kemikali ya kuoshea makaa ya mawe inaitwa MCHM ikaingia mto Elk, na mbele kidogo tu mto unakoelekea ndo kuna mtambo unaovuta maji ya mji wa Charleston, basi watu kama laki 3 wakaambiwa msinywe, msioge, msipikie, ni chooni na kuzimia moto tu.

Ishu ni kwamba MCHM ilikuwa haijapangiwa kiwango chochote cha maji ya kunywa. CDC, shirika la serikali ya Marekani la kudhibiti magonjwa, wakachukua jaribio la panya la wiki 4, dozi ambayo haikuwadhuru ni miligramu 100 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, wakaigawa kwa 1,000 kwa tahadhari, wakapiga hesabu ya mtoto wa kilo 10 anayekunywa lita moja, ikatoka miligramu 1 kwa lita. Maji yakishuka chini ya hapo, fungulia.

Kwa hesabu tu siwezi kuwalaumu. Laki 3 za watu kukaa bila maji nayo ni hatari ya afya, fikiria hospitali, wazee, watoto wanaoharisha. Na majaribio ya wanyama yaliyofanywa baadaye hayakukitengua kile kiwango.

Ila ile hesabu ilimwona mtu anayekunywa tu! Anayeoga maji ya moto na kuvuta mvuke je? Waliokwenda hospitali walikuwa na kichefuchefu, kutapika, upele. Halafu maji yalianza kufunguliwa tarehe 13, tarehe 15 ndo wajawazito wanashauriwa wanywe ya chupa, sasa mama aliyeshakunywa katikati hapo alale vipi? Tarehe 21 ikajulikana kuna kemikali nyingine tena kwenye tangi lilelile. Mwezi Aprili jopo la wataalamu likahesabu na ngozi, na mvuke, na mtoto wa maziwa ya kopo, likashuka mpaka miligramu 0.12 kwa lita.

Mimi naona kosa halikuwa namba, kosa ni namba moja kwa watu wote na kwa kila matumizi. Kama waliweza kuruhusu chooni wakakataza jikoni, wangeweza pia kupanga kuoga peke yake, kunywa peke yake, na maziwa ya kichanga yakae mwisho kabisa, maana kichanga wa maziwa ya kopo anakunywa maji mengi mno kwa kamwili kale kadogo.