Tairi la tyubulesi halihitaji tyubu, tafadhali

Mpelekee fundi wa pancha gari, mwambie tairi la mbele kushoto linapungua upepo kila baada ya siku tatu, na mara nyingi jibu lake la kwanza litakuwa hili: "Tukuwekee tyubu, dada, usahau." Nimeambiwa hivyo Morogoro, nimeambiwa hivyo Mbagala, na kaka yangu kaambiwa hivyo hivyo Singida. Mwaka juzi nilikubali.

Kwa wiki tatu nilisahau kweli. Sikujaza upepo hata mara moja. Wiki ya nne nikawa natoka Morogoro kwenda Iringa, watoto wawili wa dada yangu wamekaa kiti cha nyuma. Tukavuka hifadhi ya Mikumi salama, tukaupita mji wa Mikumi, na kabla hatujafika Ruaha Mbuyuni, saa nane mchana, lami inafuka joto, tairi likapasuka kwa kishindo. Usukani ukavutwa kushoto kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia mikononi mwangu. Nashukuru Mungu mwendo wangu ulikuwa kama 70 na hapakuwa na lori linalokuja. Niliacha gari lipungue mwendo lenyewe, sikukanyaga breki, nikaliegesha kwenye majani huku mtoto mdogo akilia.

Tulifunga spea tairi, tukaenda taratibu hadi kwa fundi mmoja mtu mzima aliyekuwa na kijiwe chake kando ya barabara. Alipolifungua lile tairi akatoa tyubu iliyochanika mpasuko mrefu kuliko kiganja changu. Hapakuwa na msumari. Hapakuwa na mwiba. Akanishika mkono akaupitisha ndani ya tairi, nikahisi mistari na vinundu vidogo vidogo, na vidole vikatoka na vumbi jeusi la mpira. Ni tyubu ile iliyokuwa ikisagwa humo kila gurudumu linapozunguka. Kisha akanionyesha rimu, kwenye ukingo ambapo tairi linakaa. Kutu tupu. "Mwanangu," akasema, "tairi halikuwa na ugonjwa. Aliyekuwa anaumwa ni rimu."

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuuliza maswali kwenye vijiwe vya pancha, na nataka nieleze nilichoelewa, kwa sababu naamini wengi tunakubali tyubu kwa kutojua tairi letu linafanyaje kazi.

Kwenye tairi la tyubu, kazi mbili zimegawanywa. Tairi linabeba uzito na kukanyaga barabara, tyubu inashika upepo. Valvu imeshonana na tyubu yenyewe na inapenya tu kwenye tundu la rimu, tundu ambalo liko wazi. Tyubu nayo ni mpira mwembamba uliovutwa ukatanuka. Msumari ukiichoma, inachanika, na upepo wote unapata njia ya kutokea kwenye lile tundu la valvu na pembeni mwa rimu. Ndiyo maana pancha ya tyubu haikupi muda. Uko juu ya gurudumu sasa hivi, na punde uko juu ya rimu.

Tairi la tyubulesi linafanya kazi zote mbili lenyewe. Upande wake wa ndani umetandikwa tabaka la mpira wa aina ya butili, mpira usiopitisha hewa kirahisi, ule ule unaotengenezewa tyubu nzuri. Kingo zake mbili zina nyaya za chuma ndani, nazo zinabana kwenye rimu. Upepo ukiingia unazisukuma kingo hizo kwa nje, na kadiri unavyosukuma ndivyo zinavyozidi kubana. Rimu yenyewe ina kituta kidogo kinachozuia ukingo usiteleze kurudi katikati ukikata kona. Valvu yake ni ya mpira na imekaa kwenye tundu la rimu kama kizibo. Kampuni ya B.F. Goodrich ya Akron, Ohio, ndiyo iliyolitangaza tairi la namna hii kule Marekani mwaka 1947, na kufikia 1955 magari mapya mengi ya huko yalikuwa yanatoka kiwandani nalo.

Faida yake kubwa unaiona siku ya msumari. Mpira ule mnene haujavutwa kama puto, kwa hiyo unaukumbatia msumari na kuachia upepo kidogo kidogo. Wewe mwenyewe pengine umewahi kukuta msumari kwenye tairi ambao hujui uliingia lini. Hapo naomba sana, usiuchomoe. Ujaze upepo, uende taratibu kwa fundi na msumari wako ukiwa pale pale. Tundu la kwenye kashata, yaani sehemu inayokanyaga barabara, lisilozidi milimita 6, linazibika. Ile kamba inayosukumwa kutoka nje kwa dakika tano inafaa, lakini mimi nalipa zaidi nitiwe kiraka chenye shina kama uyoga, kwa sababu ili kukiweka fundi lazima afungue tairi na kuangalia ndani. Tundu la ubavuni halizibiki. Yeyote anayekuambia ataziba ubavu wa tairi la gari linalokwenda 100 anacheza na maisha yako.

Sasa chukua tairi hili, uliingizie tyubu. Umeondoa nini? Umeondoa ile tabia ya kuvuja taratibu, ambayo ndiyo iliyokuwa inakulinda. Tundu la rimu ambalo valvu ilikuwa imeliziba sasa liko wazi. Tyubu inasuguana na uso wa ndani ambao haukutengenezwa kuipokea, na msuguano unaleta joto. Mara nyingi saizi ya tyubu haiendani na tairi, kwa hiyo inajikunja, na kwenye mkunjo ndipo inapolika. Hewa inanaswa kati yake na tairi. Ongeza lami ya saa nane mchana kwenye bonde la Ruaha, ongeza mzigo, utapata nilichopata mimi. Na ukienda mwendo mfupi mjini, Kariakoo hadi Ubungo kwenye foleni, haitakuonyesha kosa lolote. Itakusubiri barabara kuu.

Kibaya zaidi, lile tatizo la kwanza halijaguswa. Tairi linalopungua bila msumari lina sababu chache tu: kutu au uchafu ukingoni mwa rimu, rimu iliyopinda kwa shimo, valvu iliyozeeka na kupasukapasuka, au tairi lenyewe kuchoka. Tatu za kwanza zinatibika kwa msasa, kwa kunyoosha rimu ya chuma, au kwa valvu mpya ambayo ni kitu cha bei ndogo kabisa pale kijiweni.

Siwalaumu mafundi peke yao. Kusugua rimu mpaka ing'ae kunachukua muda, na wateja wengi tunataka kulipa bei ya kujaza upepo. Kulikalisha tairi la tyubulesi kwenye rimu kunahitaji kompresa yenye nguvu, upepo uingie mwingi kwa mara moja hadi usikie kingo zinagonga mahali pake. Fundi mwenye pampu ya mguu hawezi, na tyubu ndiyo njia pekee aliyo nayo. Nakubali pia kwamba ukiwa porini, rimu imepinda na mji uko mbali, tyubu itakufikisha nyumbani. Ikufikishe tu, kesho yake itolewe.

Bodaboda ni habari nyingine. Rimu yake ya spoku imetobolewa matundu mengi ya kufungia spoku, na kila tundu lingevuja. Pale tyubu ni halali yake, na dereva wa boda anayebeba solusheni na viraka vyake chini ya siti anafanya jambo la busara. Zipo pikipiki za rimu nzima isiyo na spoku, hizo zinaweza kuvaa tyubulesi. Malori nayo yamekuwa yakihama polepole kutoka rimu za inchi 20, zenye tyubu, flapu (mkanda wa mpira unaokaa kati ya tyubu na rimu) na ile pete ya chuma inayoweza kuruka na kuua fundi wakati wa kujaza, kwenda kwenye rimu za kipande kimoja za inchi 22.5. Kwa ajili ya hiyo pete peke yake, ningefurahi wahame wote.

Rimu yangu ile yenye kutu ilisuguliwa siku hiyo hiyo kwa msasa, ikapakwa maji ya sabuni, ikawekwa valvu mpya na tairi jingine. Haina tyubu. Kila mwanzo wa mwezi napima kwa geji, matairi yakiwa ya baridi, nalinganisha na kipimo kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Linapungua kidogo sana, sawa na yale mengine matatu. Na nikifika kijiweni nikasikia "tukuwekee tyubu, dada," namwomba fundi kwanza alete beseni la maji, tutumbukize gurudumu zima, tuone mapovu yanatokea wapi.