Mitamba wa kulea au wa kununua, mimi nauliza kwanza dume ni yupi

Huku ukanda wa ng'ombe wa Uganda, toka Isingiro na Kiruhura mpaka Nakasongola, wafugaji wa nyama hawaelewani: wengine wanasema kulea mwenyewe mtamba, yaani jike ambaye hajazaa bado, ni kumaliza majani bure, wengine wanasema kununua ni kujiletea magonjwa zizini. Kila upande una hoja.

Wa kununua wanapiga hesabu hivi, mtamba wa Ankole mara nyingi anazaa akiwa na miaka mitatu na kitu, muda wote huo anakula, anaogeshwa dawa ya kupe, kiangazi anagombania maji ya bwawa na wenzake, na hajakupa ndama hata mmoja. Ukiwa na majike 40 unahitaji kama mitamba 6 mpaka 8 kila mwaka kuziba pengo la wazee na wasioshika mimba. Ni mzigo kweli, sibishi.

Lakini mtamba uliyemtoa sehemu yenye kupe wachache akifika kwako ndigana, homa ya kupe, inamwahi kabla hajazoea, au anakuja na brusela anaanza kutupa mimba, na karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ikitangazwa wilayani ndo umekwama kabisa, hununui wala huuzi. Kwa hiyo mimi niko na wa kulea, ila usimpandishe kwa kuhesabu umri, angalia uzito: kama majike wako wakubwa wana kilo 320, asubiri afike 200 hivi. Na mtamba aliyezaliwa pacha na dume muuze tu, karibu wote hao ni tasa.

Sasa kinachoniuma ni dume. Watu wanabishana kuhusu mitamba alafu dume wanabeba yoyote mnadani kisa ana shingo nene! Ukibakiza mitamba wako, asilimia 87.5 ya damu ya ndama inatoka kwa madume watatu tu, nusu kwa baba, robo kwa baba wa mama, nusu ya robo kwa baba wa bibi. Mwangalie akitembea, kwato zikoje, kisha nenda nyuma ushike korodani, ziwe sawa zote mbili bila uvimbe, zungusha futi ya fundi cherehani, dume wa miaka miwili akiwa chini ya sentimita 30 mimi simchukui, manake mwenye korodani kubwa hata mabinti zake huwahi kuingia joto.

Madume wa Simmental na Charolais, aina kubwa za Ulaya, wanaleta kilo, hilo halina ubishi, ila kwa mtamba wa Ankole anayezaa mara ya kwanza ndama anaweza kukwama, hapo bora dume wa Boran, hao wazito wawekee majike waliokwisha zaa. Mbegu za mrija, za kupandishia bila dume, kutoka NAGRC, kituo cha serikali cha mbegu za mifugo Entebbe, nazo ni nzuri, shida ni kumjua anayetaka dume kwenye malisho mapana na mtaalamu afike kwa wakati.

Na dume asikae mpaka akawapanda mabinti zake. Kabla hawajaanza joto badilishana na jirani, ila madume wote wawili wapimwe damu kwanza.