Mabamba ya shaba ya India: mfalme aligawa shamba au aligawa enzi?

Katika karne ya 5, mfalme Pravarasena wa Pili wa ukoo wa Vakataka aliwapa Wabrahmini (watu wa tabaka la makuhani wa Kihindu) 1,000 kijiji cha Charmanka, ambacho leo ni Chammak, jimbo la Maharashtra. Hati ikachongwa kwa Kisanskriti kwenye mabamba ya shaba. Kijiji kilisamehewa kodi, askari wakakatazwa kukiingia, na hata hazina zilizofukiwa ardhini wakaachiwa waliopewa.

Mwanahistoria R. S. Sharma aliziona hati za aina hii kuwa chanzo cha ukabaila India: mfalme anajipunguzia mapato na mamlaka, mkulima anaangukia mikononi mwa bwana anayeishi naye mlango kwa mlango. Mwanahistoria mwenzake Harbans Mukhia alimpinga mwaka 1981, akisema mkulima wa India aliendesha kilimo chake mwenyewe, tofauti na yule wa Ulaya aliyefungwa kwenye shamba la bwana. Naye mwanahistoria B. D. Chattopadhyaya aliona dola zikikua, si zikisambaratika.

Hati ya Chammak yenyewe inanifanya nisite kumfuata Sharma moja kwa moja. Inasema zawadi itadumu kama jua na mwezi, lakini kwa masharti: Wabrahmini wasiuhaini ufalme, wasiibe, wasipigane vita, wasivionee vijiji vingine. Wakikiuka, mfalme akiinyang'anya ardhi hiyo hahesabiwi mwizi. Mfalme aliyeishiwa nguvu haandiki hivyo.

Hata hivyo, Sharma alishika jambo ambalo wapinzani wake wanalipita haraka mno, nalo ni mkulima. Tazama bamba la Madhuban la mwaka 631. Mfalme Harsha wa kaskazini mwa India aligundua kwamba Mbrahmini mmoja alikuwa akikila kijiji cha Somakundaka, yaani akichukua mapato yake, kwa hati ya kughushi. Akalivunja bamba lile la uongo, akawapa kijiji Wabrahmini wengine wawili. Hapo mkono wa dola unaonekana wazi, unakagua na kufuta. Ila kwa aliyeshika jembe, aliyeondoka ni mlaji mmoja na walioingia ni wawili. Bamba linawataja wanakijiji mahali pa kuamriwa tu: wawatii mabwana wapya, wawapelekee fungu la mavuno, kodi na dhahabu.