Gotthard: mashine ilipokwama na baruti ilipopita

Tarehe 1 Juni 2016 Uswisi ilizindua handaki la reli la Gotthard chini ya milima ya Alpi. Lina urefu wa kilomita 57, na hakuna handaki la reli lililokuwa refu kuliko hilo duniani. Lile la Ngong, kwenye reli ya SGR ya Kenya, lina kama kilomita 4.5 tu. Tangu siku hiyo, ukitajwa mlima wowote wa kutobolewa, wengi husema: leteni mashine, baruti imepitwa na wakati. Naipenda mashine, lakini kauli hiyo siikubali, na ushahidi wangu ni Gotthard yenyewe.

Mashine zilikuwa nne, nazo zilipewa majina ya kike: Gabi I, Gabi II, Heidi na Sissi. Mbele kuna kichwa cha mviringo chenye kipenyo cha karibu mita 9, nyuma kuna mkia wa mitambo wa zaidi ya mita 400. Diski ngumu za chuma zinabingirika juu ya mwamba huku zikiukandamiza mpaka upasuke na kubanduka vipande bapa, kisha mkanda unavibeba kwenda nyuma. Mashine hujikaza kwenye kuta za pembeni, husukuma, husogea, hujikaza tena. Siku njema ilikata zaidi ya mita 30. Anayetumia baruti hana mwendo huo: achoronge matundu, ajaze, alipue, asubiri moshi utoke, azoe kifusi, ndipo aanze upya.

Halafu kuna roho za watu. Handaki la kwanza la Gotthard, la kilomita 15, lilifunguliwa 1882 baada ya kuchimbwa kwa baruti, na wafanyakazi wapatao 200 walipoteza maisha. Katika hili jipya walikufa 9. Tusiipe mashine sifa yote, maana karne nzima ya sheria za kazi, tiba na hewa safi ya kupulizwa chini imechangia. Hata hivyo, kumwondoa mtu mbele ya mwamba uliotoka kulipuliwa si jambo dogo.

Lakini mashine inataka mwamba unaotabirika. Mwaka 2005, upande wa Amsteg, sehemu ya kaskazini ya handaki, Gabi II iliingia kwenye mwamba uliosagika. Kichwa kikabanwa, na miezi ikapita bila kusonga mbele. Handaki lina njia kuu mbili sambamba, hivyo ilibidi wachimbaji watokee kwenye njia ya pili, waimarishe ardhi kwa kuidunga saruji, kisha waifuate kutokea mbele yake. Mwenye baruti akikuta ardhi mbovu hubadili mbinu siku hiyohiyo. Mwenye mashine ameziba njia kwa mtambo wake mwenyewe.

Ndiyo maana huko Sedrun, mahali ambapo mlima unabana handaki kama ngumi inayofumbwa, Waswisi hawakuthubutu kupeleka mashine. Walishuka kwa shimo la wima la mita 800, wakachimba kwa baruti, wakaweka matao ya chuma yenye viungo vinavyoteleza ili yasinyae pamoja na mlima badala ya kuvunjika. Takriban asilimia 80 ya njia kuu mbili ilikatwa na mashine. Sehemu iliyobaki, iliyolipuliwa, ni pamoja na hiyo ambayo huenda ingeua mradi mzima.

Kwangu mimi, swali la mashine au baruti linakuja la pili. La kwanza ni fedha kiasi gani zimetengwa kuujua mlima. Hofu kubwa ya Gotthard ilikuwa ukanda wa Piora, wenye dolomiti, aina ya mwamba, inayomomonyoka kama sukari na maji yenye shinikizo kali. Miaka ya 1990, kabla ya mashine hizo nne kuanza kukata, walichimba njia ya uchunguzi na kuchoronga kutoka humo hadi kina cha handaki. Wakakuta kwamba pale chini mwamba ni mkavu na mgumu. Miaka kadhaa baadaye mashine ilifika Piora, ikapita salama.