Matibabu kwa Simu Yanamfaa Mzee, Lakini Nani Atamtazama Miguu?

Mama mkubwa wangu anaishi Mtae, juu kabisa kwenye milima ya Usambara. Ana presha na kisukari. Siku ya kliniki huamka saa tisa usiku ili awahi basi la Lushoto, akazungushwa na kona za mlimani tumbo likiwa tupu, maana ameambiwa asile kabla ya kupimwa. Anapimwa, anaandikiwa dawa zile zile, anarudi. Kesho yake hainuki kitandani. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure, lakini bure hiyo inaanzia dirishani. Nauli yake na ya mjukuu anayemsindikiza ni juu yao.

Ndiyo maana nasimama na wanaotaka matibabu kwa simu yapanuliwe. Safari nyingi za wazee wenye maradhi ya kudumu ni za kuangalia kama dawa inafanya kazi, basi. Presha iliyopimwa nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki nzima humweleza daktari mengi kuliko kipimo kimoja cha mtu aliyeshuka kwenye basi sasa hivi. Tena mzee akichoshwa na safari huanza kuruka tarehe, dawa zinakatika, na kiharusi kinapata njia.

Lakini nilikuwepo siku alipopigiwa simu ya video na daktari wa mjini.

"Shikamoo bibi, unaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu, sijambo, namshukuru Mungu."

"Miguu haina ganzi?"

"Haina, baba."

Aliyeshika simu ni mjukuu wa kiume wa miaka 16. Swali la mkojo lilipokuja, mama mkubwa alitazama ukutani akasema hana shida yoyote, na wote nyumbani tunajua anaamka mara nne usiku. Jioni, dada yangu akimwosha miguu, tukaona kidonda katikati ya vidole viwili. Hakuwa amekihisi.

Simwiti mwongo. Wazee wetu hutanguliza shukrani, shida hufuata baada ya mazungumzo kukolea, na kufikia hapo simu imeshakatwa. Wanaosema daktari wa mbali hagusi wala hanusi wana haki, na kwa mgonjwa wa kisukari hilo linaweza kumgharimu mguu.

Hoja ya kwamba wazee hawana simujanja ina uzito mdogo kwangu. Huduma ya Babyl, ya kuongea na daktari kwa simu, ilianza Rwanda mwaka 2016, na mtu aliweza kuomba miadi kwa kubonyeza namba kwenye kitochi. Waliojiandikisha walipita milioni 2. Kilichoiangusha hakikutoka Rwanda: kampuni mama ya Uingereza, Babylon, ilifilisika mwaka 2023, na wagonjwa wakabaki bila huduma waliyoizoea. Hapo ndipo hofu yangu kubwa ilipo. Huduma ya wazee ikiwekwa mikononi mwa kampuni moja, uhai wake unategemea hesabu za watu walio mbali. Na kiongozi akishaona simu zinapigwa, ni rahisi aahirishe kujenga zahanati na kuajiri wauguzi.

Kwa hiyo fedha za kwanza ningezipeleka kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii: kipimo cha presha, kipimo cha sukari, na posho inayofika kwa wakati. Programu za simu zifuate nyuma yake. Safari ya kwanza ya kugundua ugonjwa ibaki ya ana kwa ana. Simu ichukue zile za katikati.

Mama mkubwa sasa anashuka Lushoto kila baada ya miezi mitatu. Siku za simu, jirani yake ambaye ni muuguzi mstaafu huja mapema, anamvua viatu, anatazama katikati ya vidole kimoja kimoja, anaandika presha kwenye daftari. Kisha mjukuu anaombwa atoke nje, na daktari anapigiwa.